Tathmini: Ripoti za Microsoft Access na Suala la Mistari ya Jedwali

Ofisi nyingi zinazotunza kumbukumbu zake katika Microsoft Access, programu ya kutunzia na kupangia data, huisifu au huilaumu programu hiyo kwa mambo ya fomu, kasi na usalama wa data, na ni nadra kumsikia mtu akizungumzia kile kinachotoka mwishoni, yaani ripoti iliyochapishwa. Tathmini hii inahusu ripoti peke yake, tena upande mmoja tu wa ripoti: je, chombo cha kutengenezea ripoti kilichomo ndani ya Access kinamwezesha mtumiaji kupata jedwali safi, lenye mistari iliyonyooka, mipaka inayokutana vizuri kwenye pembe, na safumlalo zisizo na mapengo? Nimekitumia kwa taarifa za wanachama wa SACCOS, leja za stoo na orodha za madai ya ada za shule, na ninakipima kwa kazi za aina hiyo.

Kipimo changu ni safumlalo ndefu kuliko zote katika ripoti. Jedwali lolote hupendeza endapo kila kisanduku kina neno moja au tarakimu chache. Ugumu huanza pale safuwima ya maelezo inapopokea sentensi nzima, mathalani "Marejesho ya makato yaliyofanyika mara mbili kwenye mshahara wa Machi, kwa idhini ya kamati ya mikopo", ilhali tarehe, namba ya hati na kiasi cha fedha katika safumlalo hiyo hiyo vinaenea katika mstari mmoja wa maandishi. Ripoti inayostahili kusainiwa ni ile ambayo mipaka ya visanduku vyote vinne inashuka pamoja hadi chini ya sentensi hiyo. Mkaguzi wa hesabu anayepitisha rula kutoka kushoto kwenda kulia hapaswi kujiuliza kama kiasi anachokiona ni cha muamala huu au cha ule unaofuata.

Kwa wasioifahamu, Access ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1992, na mabadiliko makubwa zaidi katika upande wa ripoti yalikuja na toleo la 2007, lililoleta utepe wa juu, mwonekano wa mpangilio unaoitwa "Layout View", na mistari ya gridi ambayo nitaizungumzia kwa kirefu. Matoleo yaliyofuata yamehamisha vitufe na kubadilisha rangi, lakini mtu aliyejifunza kutengeneza ripoti kwenye toleo la 2010 hatapotea kwenye toleo la sasa.

Ukibofya jina la jedwali au la ulizo ("Query", yaani data iliyochujwa kutoka kwenye majedwali) kisha ukabofya kitufe cha "Report" katika kichupo cha "Create", Access hukuandalia ripoti nzima kwa sekunde chache: kichwa, tarehe na saa, namba za kurasa, na data ikiwa imepangwa kwa safuwima. Safumlalo hupakwa kivuli hafifu kwa kupokezana, moja nyeupe na nyingine ya kijivu. Kwenye skrini kivuli hicho kinapendeza na kinalisaidia jicho lisipotee. Kwenye karatasi mambo hubadilika, kwa sababu ripoti za ofisi zetu haziishii kwenye printa. Hutolewa fotokopi, na fotokopi hutolewa fotokopi nyingine kwa ajili ya wajumbe wa kamati. Kijivu hafifu hugeuka kuwa madoadoa, na tarakimu zilizochapishwa kwa fonti nyembamba juu ya madoadoa hayo husomeka kwa taabu. Ndiyo maana hatua yangu ya kwanza katika ripoti yoyote ni kuipa sifa ya "Alternate Back Color" rangi ile ile ya usuli, na kuiachia mistari kazi ya kutenganisha safumlalo.

Hapo ndipo watumiaji wengi wanapoingia njia ndefu. Njia inayojitokeza mbele ya kila mtu ni kuchagua visanduku vyote vya maandishi, kufungua orodha ya sifa, na kuweka "Border Style" kuwa "Solid". Kila kisanduku hupata fremu yake papo hapo, na kwenye skrini huonekana kana kwamba kazi imekwisha. Kasoro ya kwanza huonekana baada ya kuchapa: visanduku viwili vinavyokaa bega kwa bega huwa na fremu mbili, hivyo mstari unaovitenganisha huwa mnene maradufu kuliko mistari ya pembeni, au huwa mistari miwili yenye uwazi mwembamba katikati. Inarekebishika kwa kuhakikisha kwamba kila kisanduku kinaanzia pale pale kilipoishia cha kabla yake, yaani thamani ya "Left" ya kisanduku cha pili iwe sawasawa na jumla ya "Left" na "Width" za kisanduku cha kwanza. Kazi hiyo ni ya kuandika namba kwenye orodha ya sifa, si ya kusogeza kwa kipanya, kwani mkono hauwezi kulenga kwa usahihi unaotakiwa.

Kasoro ya pili haina dawa kwa njia hiyo. Ili sentensi ndefu isikatwe, ni lazima kisanduku chake kipewe sifa ya "Can Grow", inayokiruhusu kurefuka kwenda chini kadiri ya maandishi yaliyomo. Sifa hiyo hufanya kazi kwa kisanduku kimoja kimoja. Kisanduku cha maelezo kitarefuka hadi mistari mitatu, na fremu yake itarefuka pamoja nacho, lakini visanduku vya tarehe, namba ya hati na kiasi vitabaki na kimo kile kile vilichochorewa. Matokeo yake ni safumlalo yenye kisanduku kimoja kirefu kinachoning'inia na vingine vifupi vilivyoachwa juu, na chini yake ni weupe usio na mpaka wowote. Ukurasa wenye safumlalo tano za namna hiyo unafanana na mdomo wenye mapengo. Kuweka "Can Grow" kwenye visanduku vyote hakusaidii kitu, kwa sababu kisanduku cha tarehe hakina maandishi ya kukifanya kirefuke.

Ipo pia sifa ya "Can Shrink", ambayo watu huiwasha bila kufikiri kwa kuwa imekaa jirani na ile nyingine. Kisanduku kisicho na data yoyote, kikiwa na sifa hiyo, hujikunja na fremu yake hutoweka. Katika barua jambo hilo linafaa, kwani mstari wa anwani usio na kitu haupaswi kuacha pengo, lakini katika jedwali lenye mistari ni kero tupu. Mwanachama asiye na namba ya simu anapaswa kuwa na kisanduku cheupe chenye mpaka kamili, ili msomaji ajue kwamba taarifa haipo, wala asidhani kwamba printa imeruka.

Jibu ambalo Microsoft yenyewe imelitoa, na ambalo kwa maoni yangu ndiyo sababu kubwa ya kukisifu chombo hiki, ni mistari ya gridi inayofanya kazi ndani ya mipangilio ya pamoja. Kwanza visanduku vyote vya ripoti huwekwa katika mpangilio wa aina ya "Tabular", ambao unapatikana kwenye kichupo cha "Arrange". Kuanzia hapo visanduku na vichwa vya safuwima vyake huwa kitu kimoja: ukipanua kimoja, vya jirani vinasogea, ukifuta kimoja, pengo linajiziba. Kisha unachagua mpangilio mzima kwa kubofya alama ya mishale minne iliyo kwenye kona ya juu kushoto, unafungua "Gridlines", na unachagua unachokitaka: mistari yote, ya mlalo pekee, ya wima pekee, ya chini tu, au ya kuzunguka nje. Mistari hii si fremu ya kisanduku kimoja kimoja. Ni mistari ya safumlalo, na kwa hiyo kisanduku cha maelezo kinaporefuka, mstari wa wima ulio kati ya tarehe na namba ya hati hushuka nacho hadi kwenye mstari wa mlalo wa chini. Tatizo la mapengo linakwisha bila kuandika msimbo wowote.

Sharti moja ni kwamba fremu za visanduku vyenyewe zifanywe zisionekane, yaani "Border Style" irudishwe kuwa "Transparent". Nimekutana na ripoti ambazo mtengenezaji aliwasha vyote viwili, fremu na gridi, na kila kisanduku kikawa ni mstatili ndani ya mstatili.

Yapo mambo mawili madogo katika gridi hizi ambayo mwongozo wa programu unayapita haraka, na ambayo ndiyo hutofautisha jedwali safi na jedwali la ovyo. La kwanza ni kimo cha sehemu ya "Detail", yaani sehemu ya ripoti inayojirudia kwa kila safumlalo ya data. Endapo sehemu hiyo ni ndefu kuliko visanduku vilivyomo, hata kwa milimita moja, basi mistari ya wima hukatika mwishoni mwa kila safumlalo na kuanza tena kwenye safumlalo inayofuata, na ukurasa mzima huonekana kama umechapwa kwa vipande. Buruta ukingo wa chini wa sehemu hiyo upande juu hadi ugome kabisa, na hakikisha kwamba visanduku vimeanzia kwenye ukingo wa juu kabisa wa sehemu. La pili ni nafasi ya ndani. Access inatofautisha "Margin", yaani nafasi kati ya maandishi na ukingo wa kisanduku, na "Padding", yaani nafasi kati ya ukingo wa kisanduku na mstari wa gridi. Kwa kawaida "Padding" huja ikiwa na inchi 0.0208 kila upande, kipimo ambacho kwa macho ni kidogo lakini katika ripoti yenye mamia ya safumlalo hula karatasi. Mimi huondoa "Padding" ya juu na ya chini, kisha huongeza "Margin" kidogo upande wa kushoto na wa kulia ili tarakimu zisigusane na mstari.

Udhaifu wa mpangilio wa pamoja ni ugumu wake. Ukitaka kisanduku kimoja kikae chini ya kingine katika safumlalo ile ile, kama vile jina juu na namba ya uanachama chini yake kwa herufi ndogo, utalazimika kugawanya visanduku kwa amri ya "Split Vertically" na kuunganisha vingine kwa "Merge", na baada ya muda mpangilio unakuwa na visanduku vitupu vingi ambavyo hakuna anayekumbuka vilitoka wapi. Kwa orodha za kawaida haukwazi. Kwa hati yenye umbo maalumu, kama stakabadhi au ankara, unachosha.

Kwa ripoti za namna hiyo, na kwa zile za zamani ambazo hakuna anayethubutu kuzipanga upya, bado ipo njia ya msimbo. Kila sehemu ya ripoti ina tukio la kuchapa, yaani nafasi ya kuandika msimbo unaotekelezwa sehemu hiyo inapochapwa, na ndani ya tukio hilo unaweza kuitumia amri ya Me.Line kuchora mstari kutoka pointi moja hadi nyingine. Vipimo vyake ni twip, na inchi moja ina twip 1,440, sawa na takriban twip 567 kwa sentimita. Ujanja unaotumiwa na wengi ni kupitia kila kisanduku kilichomo kwenye sehemu ya "Detail" na kuchora mstari wa wima kwenye ukingo wake wa kushoto, kuanzia sifuri hadi kimo kikubwa kupita kiasi, mathalani twip 14,400, ambazo ni inchi kumi. Access hukata chochote kinachovuka mwisho wa sehemu, kwa hiyo mstari hubaki na kimo sahihi cha safumlalo, iwe na mstari mmoja wa maandishi au sita. Ni msimbo wa mistari isiyozidi kumi, na unadumu. Kwa amri hiyo hiyo, ikiwekwa kwenye tukio la ukurasa na kuongezewa herufi B, unapata fremu ya kuzunguka ukurasa mzima. Punguza twip chache kwenye upana na kimo, la sivyo ukingo wa kulia na wa chini unaweza kumezwa na mwisho wa eneo la kuchapia.

Aibu ya njia hii ni kwamba matukio hayo hayatokei kabisa katika "Report View", ambao ndio mwonekano wanaoutumia wafanyakazi wengi kwa sababu unaruhusu kutafuta na kunakili. Mhasibu anafungua ripoti, haoni mstari hata mmoja, anapiga simu kulalamika kwamba ripoti imeharibika. Suluhisho ni kuiweka sifa ya "Default View" kuwa "Print Preview", na kama ofisi inapenda kuona mistari bila kupitia huko, ni afadhali kutumia gridi.

Kuhusu unene na rangi ya mistari nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Access inaruhusu unene kuanzia "Hairline", yaani mstari mwembamba kuliko wote ambao printa inaweza kuuchora, hadi pointi sita. Mstari mwembamba kupita wote ni mzuri sana kwenye printa ya leza yenye toneri mpya na ni balaa kwenye fotokopi, kwani hukatikakatika. Rangi ya kijivu nayo haipo kabisa ndani ya printa ya leza ya rangi moja. Printa huiigiza kwa kuweka nukta nyeusi zilizoachana, na mstari mwembamba wa kijivu ukipitia hapo hutoka ukiwa ni mfululizo wa vidoti. Kwa hiyo katika ripoti zinazokwenda kwenye karatasi natumia nyeusi ya pointi moja kwa mistari ya mlalo, sichori mistari ya wima ila pale ambapo safuwima mbili za tarakimu zimekaa karibu, na naweka mstari mnene zaidi chini ya vichwa vya safuwima na juu ya jumla. Ripoti za kutazamwa kwenye skrini au kutumwa kwa barua pepe kama PDF zinaweza kubeba kijivu bila shida.

Karatasi yenyewe inahitaji kutajwa. Violezo vingi vinavyokuja na programu hii vimepimwa kwa ukubwa wa Letter unaotumika Marekani, milimita 216 kwa 279, ilhali sisi tunachapa kwenye A4, yaani 210 kwa 297. Tofauti ya milimita sita kwenye upana inatosha kabisa kuharibu kazi. Upana wa ripoti ukijumlishwa na pambizo za kushoto na kulia ukizidi upana wa karatasi, Access huchapa ukurasa mmoja wenye data na mwingine mtupu, au wenye kipande cha mstari tu kilichoning'inia ukingoni. Mara nyingi sana mhalifu ni mstari wa mlalo uliochorwa kwa mkono ukavuka kidogo upande wa kulia, ukausukuma upana wa ripoti bila mtengenezaji kujua. Kwa A4 ya wima yenye pambizo za sentimita mbili kila upande, upana wa ripoti usizidi sentimita 17. Ndani ya sentimita hizo ni lazima zienee safuwima za fedha, na shilingi zetu hazina tarakimu chache: salio la 12,500,000 pamoja na mikato yake linahitaji nafasi ambayo mfano wa mafunzo uliopimwa kwa dola mia mbili hauifikirii. Kwenye mipangilio ya kanzidata ipo chaguo la "Check for truncated number fields". Likiwashwa, tarakimu zisizoenea huonekana kama alama za reli (#) badala ya kukatwa kimyakimya. Liwashwe daima. Ripoti yenye alama za reli inaudhi, lakini ripoti inayoonesha 2,500,000 mahali pa 12,500,000 ni hatari.

Ripoti zenye makundi, kwa mfano wanachama waliopangwa kwa matawi, zinahitaji uangalifu katika sifa tatu. "Hide Duplicates" huficha jina la tawi linapojirudia, na huficha kisanduku chenyewe pamoja na fremu yake, hivyo anayetegemea fremu za visanduku atapata matundu kwenye jedwali. "Keep Together" ya sehemu ya "Detail" iwe "Yes", la sivyo safumlalo yenye maelezo marefu inaweza kukatwa katikati, nusu ya juu ikabaki ukurasa wa kwanza bila mstari wa chini na nusu ya pili ikaanza ukurasa unaofuata bila mstari wa juu. Na "Repeat Section" ya kichwa cha kundi iwashwe, ili kundi linaloendelea ukurasa wa pili lianze na kichwa chake. Hizi si siri, lakini baadhi huja zikiwa katika hali isiyofaa kwa jedwali la mistari au zinawashwa mahali pasipofaa, na hapo naiondolea Access alama.

Alama nyingine naziondoa kwenye usafirishaji. Ukiihifadhi ripoti kama PDF, kila mstari hutoka ulivyochorwa. Huduma hiyo ilihitaji programu ya nyongeza mwanzoni mwa toleo la 2007, ikaingizwa ndani tangu Service Pack 2, yaani kifurushi cha pili cha masasisho ya toleo hilo. Ukiisafirisha ripoti ile ile kwenda Excel au Word, mistari inapotea na yanabaki maandishi na tarakimu. Meneja anayetaka "ile ripoti lakini kwenye Excel" atapata kitu kisichofanana na alichokiona, na ni afadhali kumpelekea ulizo lenyewe na kuiacha Excel ifanye mipaka yake.

Nikiilinganisha na zana nyingine, picha ni hii. LibreOffice Base, ambayo ni ya bure, ina kitengeneza ripoti kinachohitaji Java, na hutoa ripoti kama hati ya Writer inayoweza kuhaririwa baadaye. Mistari yake huchorwa mmoja mmoja, kazi inayochosha kwa jedwali lenye safuwima nane. Crystal Reports inashughulikia suala la safumlalo ndefu kwa chaguo la kuurefusha mstari au mstatili hadi mwisho wa sehemu wakati wa kuchapa, na chaguo hilo hufanya kazi vizuri. SQL Server Reporting Services ndiyo iliyonipendeza zaidi kwa jambo hili moja: data hukaa ndani ya jedwali halisi, kisanduku kimoja kikirefuka safumlalo yote inarefuka, na mipaka ni ya visanduku vya jedwali kama ilivyo kwenye Word. Hakuna mpangilio wa kuwasha wala tukio la kuandikia msimbo. Lakini kuisimamisha kunahitaji seva na mtu wa kuihudumia, na ofisi yenye kompyuta tatu na printa moja haina sababu ya kubeba mzigo huo kwa ajili ya mistari.

Kwa ofisi ya namna hiyo, yenye kompyuta za Windows na kanzidata ambayo haitakaribia kikomo cha Access cha gigabaiti 2, naipa sehemu ya ripoti alama saba kati ya kumi kwa suala la mistari na mipaka. Ingepata nane kama gridi ingekuwa ndiyo njia inayojitokeza kwanza mtumiaji anapotafuta mipaka, badala ya fremu za visanduku. Wenye kompyuta za Mac wasihangaike nayo, kwani haitolewi kwa mfumo huo. Kuhusu gharama, si lazima kila kompyuta inunuliwe leseni: anayetengeneza ripoti anahitaji Access kamili, na wanaozifungua na kuzichapa tu wanaweza kutumia Access Runtime, inayopatikana bure kwa Microsoft. Kabla ya kuisambaza, fungua ripoti yenye safumlalo ndefu kuliko zote kwenye kila kompyuta na uichape kwa printa ya hapo hapo, kwa kuwa eneo la kuchapia hutofautiana kati ya printa na printa, na mstari wa kulia uliokaa vizuri kwenye moja unaweza kuwa nje ya karatasi kwenye nyingine.